Jinsi redio yetu ndogo ilivyopata nafasi yake katika michezo ya Tanga

Mwaka 2017 nilikabidhiwa dawati la michezo katika redio ndogo jijini Tanga, nikiwa na waandishi wawili, kinasa sauti kimoja na kipindi cha saa nzima kila jioni. Wakati huo kilikuwapo kituo kilichoshika michezo yote ya mji: wachambuzi wake walikuwa wachezaji wa zamani, kampuni za kubashiri matokeo zilidhamini vipindi vyake, na ukipita vijiwe vya bodaboda kutoka Chumbageni hadi Mabawa ulisikia sauti hiyo moja tu.

Nilianza kwa kuwaiga, na hilo lilikuwa kosa. Kwa miezi kadhaa tulijadili Simba na Yanga, timu mbili kubwa za Kariakoo, saa ileile waliyozijadili wao, tena kwa habari tulizozisoma magazetini, ilhali wenzetu walikuwa na mtu wao Dar es Salaam anayeshinda mazoezini. Msikilizaji hakuwa na sababu ya kuwahama.

Jioni moja alipiga simu mzee wa Makorora, akaniambia taratibu: "Mwanangu, habari za Kariakoo nina pa kuzisikilizia. Wewe nieleze mjukuu wangu kachezaje leo pale Usagara." Sikuwa na jibu, kwa kuwa hatukuwa na mtu Usagara.

Maneno yale yalinikaa kwa sababu ya hali ya soka letu. Msimu wa 2015/16 Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja kwa pamoja, na mji uliotoa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988 ukabaki bila timu hata moja ya Ligi Kuu. Kituo kikubwa kilizifuata timu za Ligi Kuu, na kibiashara hilo linaeleweka, lakini watu wa Tanga hawakuacha kwenda Mkwakwani kuitazama Coastal ikipambana Ligi Daraja la Kwanza, wala ndondo za mitaani hazikukosa watazamaji.

Tukahamia huko. Kipindi tulikirudisha nyuma ili kiishe kabla chao hakijaanza, nao waandishi wangu wakatoka ofisini kwenda viwanjani. Nakumbuka mechi ya kwanza ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tuliyoifuata: mwandishi wetu alichutama kando ya benchi na daftari, akamwuliza kila mchezaji jina lake, shule yake na mtaa anaotoka, akamtaka alitamke mwenyewe ili hewani lisiharibike. Kisha akasimama akiwa ameizungushia simu kitambaa kuzuia upepo wa bahari, akayasoma majina yote, ya wachezaji wa akiba yakiwamo. Jioni ile simu za studio hazikutulia. Walipiga kina mama, walimu na wajomba, wengi wao watu ambao hawakuwahi kutupigia.

Fedha ndizo zilizochelewa. Wanunuzi wakubwa wa matangazo walitaka kituo kinachoongoza, kwa hiyo tuliwaendea mafundi wa jezi, wauza matairi na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, tukawatoza kwa wiki kiasi wanachokimudu. Matangazo ya kubashiri tuliyakataa katika kipindi kinachotaja watoto wa shule, na ingawa uamuzi huo ulituumiza, hadi leo nauona kuwa sahihi.

Coastal Union ilipopanda tena Ligi Kuu mwaka 2018, magari ya kituo kikubwa yalirudi Mkwakwani. Hata hivyo wachezaji walipotoka uwanjani walimfuata kwanza mwandishi wetu, aliyekuwa nao kwenye mechi ambazo majukwaa yalikuwa nusu tupu, na mahojiano yao tuliyapata bila kuyagombania.

Siku ya Simba na Yanga bado ni ya wenzetu, nami sishindani nao siku hiyo. Sisi husoma matokeo ya netiboli na ndondo za mitaa, na mara nyingi kabla hatujamaliza mzee wa Makorora huwa ameshapiga simu kusahihisha jina la mchezaji.