Nkambo na ile video ya Mwepu

Jana jioni tunakula bukari na tomsoni hapa Kamalondo, Lubumbashi, mdogo wangu akamwonyesha nkambo, mzee wa familia yetu, video kwenye simu. Ni ile ya Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani: Brazil wanataka kupiga frikiki, filimbi inalia, Mwepu Ilunga wa Zaire anatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Mdogo wangu akacheka mpaka munkoyo ukamtoka puani.

Nkambo hakucheka. Akanawa mikono polepole, akauliza: "Unamjua huyo ni nani? Ni wa Englebert, timu inayoitwa Mazembe leo. Wa hapa hapa."

Basi akaanza. Timu ya Zaire, Kongo yetu ya wakati ule, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka huo huo, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Pesa walizoahidiwa hawakuziona. Yugoslavia wakawafunga 9-0! Tarehe 22 Juni wakakutana na Brazil, 3-0. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alikuwa anazijua, alitaka kadi nyekundu kwa hasira ya kuchezeshwa bure. Akapewa ya njano tu.

"Mpira wenyewe waliuleta wazungu," nkambo akasema. "Hata Mazembe yetu ilianzishwa na mapadri Wabenedikto, 1939. Leo wanatucheka eti hatujui sheria?"

Mdogo wangu alikuwa amekwisha ituma kwenye grupu la familia. Nkambo anataka ifutwe. Mimi ndiye admini.