Kuuchora Muziki Kwenye Ubao wa Pinboli

Tangu nianze kuchora sanaa ya mashine ya pinboli (mchezo wa kuipiga gololi ya chuma juu ya ubao ulioinama isije ikaanguka chini) yenye maudhui ya muziki, swali moja limekuwa nyuma ya kila uamuzi wangu: je, ninawachora wanamuziki, au ninauchora muziki wenyewe? Mashine nyingi mashuhuri za aina hii zimejibu kwa sura za watu. Mwaka 1976 kampuni ya Bally ya Marekani ilitoa Captain Fantastic, ambayo kioo chake cha nyuma, yaani kile chenye picha kinachosimama wima juu ya mashine, kilichochorwa na Dave Christensen, kinamwonyesha mwanamuziki Elton John akicheza pinboli huku amezungukwa na umati, na zaidi ya mashine 16,000 zilitengenezwa. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ikatoa KISS, ya bendi ya roki yenye jina hilo, na zile nyuso nne za wanamuziki wake zilizopakwa rangi. Ninaziheshimu sana kazi hizo, na kwa upande wa kioo cha nyuma nakubali kwamba sura ya mtu inafaa, kwa sababu kioo kile kazi yake ni kumwita aliye mbali. Lakini mchezo ukishaanza, mchezaji hana nafasi ya kukitazama. Macho yake yanahamia kwenye ubao wa kuchezea, na hapo sura ya mwimbaji, hata ikichorwa kwa ustadi wa namna gani, haimsaidii kitu.

Ubao huo kwa kawaida una upana wa takriban sentimita 51 na urefu wa sentimita 107, nao hulazwa kwa mteremko wa nyuzi 6.5 hivi kuelekea kwa mchezaji. Mchoraji hapewi ubao mtupu. Anapewa mchoro wa mhandisi uliokwisha kutobolewa matundu ya bampa (vinundu vinavyoirusha gololi ikivigusa), nguzo, taa na flipa (vijiti vya chini ambavyo mchezaji huipigia gololi), na juu ya picha yake zitawekwa njia za mwinuko na vipande vya plastiki vitakavyofunika sehemu kubwa ya alichokichora. Anayeweka jicho la mhusika mahali patakapokuja parafujo amepoteza jicho hilo.

Halafu kuna gololi yenyewe. Ni ya chuma, ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi, na imeng'arishwa kiasi kwamba inaakisi rangi ya kila inachokipitia. Juu ya mandhari iliyojaa vijistari vidogo vyeupe na kijivu, gololi hiyo hupotea machoni mwa mchezaji. Kwa sababu hiyo eneo la chini, lililo karibu na flipa, ambako mchezaji anahitaji kuona kwa uhakika kuliko mahali pengine popote, nimelipa rangi chache zilizotulia na maumbo makubwa. Vurugu ya rangi, matarumbeta na nyaya za gitaa zilizojipinda nimezipeleka juu, kwenye bampa, ambako gololi inarukaruka yenyewe na mchezaji hana la kufanya ila kusubiri.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni vile vidirisha vya plastiki vinavyopachikwa kwenye mbao na kumulikwa kutoka chini. Ukikishika kimoja mkononi utaona kwamba upande wake wa chini umechongwa mistari ya kutawanya mwanga, na upande wa juu ni laini ili gololi ipite bila kukwama. Kila kidirisha lazima kisomeke katika hali mbili: taa ikiwa imezimwa, maandishi yake meusi yaonekane, taa ikiwaka, rangi yake ishinde kila kilicho jirani. Kukizunguka huchorwa mstari mweusi, ambao wengi hudhani ni pambo tu, kumbe upana wake unaficha nafasi ndogo inayobaki pale uchapaji unaposogea kidogo kutoka kwenye ukingo wa plastiki. Hapa ndipo jibu la swali langu lilipo. Mishale inayoelekeza kwenye njia kuu nimeigawa kwa ala: wa kushoto kabisa ni wa ngoma, unaofuata ni wa besi, kisha gitaa, kisha sauti ya mwimbaji, na kila mmoja una rangi yake inayoendelea hadi kwenye mchoro wa njia husika. Mchezaji akipiga njia ya besi, besi inaingia kwenye wimbo na mshale wake unaanza kuwaka kwa kufuata mdundo. Picha iliyochapwa haisogei, lakini kwa kuwa imepangwa kwa kufuata taa, jicho linauona wimbo ukijengeka.

Bendi ya Iron Maiden, ambayo mashine yake ya mwaka 2018 kutoka kampuni ya Stern ilichorwa na Jeremy Packer, ina faida ya pekee: ina Eddie, kiumbe anayeonekana kwenye majalada yake tangu albamu ya kwanza ya 1980, na mhusika wa namna hiyo anaweza kupigana na kubadilika umbo jinsi picha ya mtu halisi isivyoweza. Asiye na kiumbe kama huyo, kama mimi, hana budi kuzifanya ala ndizo wahusika.

Kuhusu kioo cha nyuma, nimejifunza kutoka kwa wachapaji wa zamani. Wao walichapa upande wa nyuma wa kioo kwa mpangilio wa kinyume, mistari na vitu vidogo kwanza, rangi pana baadaye, na mwisho tabaka la kuzuia mwanga pale pasipotakiwa kung'aa. Siku hizi picha huchapwa kwenye utando wa plastiki unaowekwa nyuma ya kioo, lakini uamuzi wa mwanga unabaki kuwa wa mchoraji. Katika mchoro wangu mwanga mkali unapita kwenye shaba ya matarumbeta na kwenye ngozi ya ngoma kubwa pekee. Umati nimeuacha gizani. Kazi iliyobaki ni pande mbili za sanduku la mashine, ambazo mtu huziona akiwa anapita tu, na hizo nitazipa rangi tatu na umbo moja kubwa la gitaa lililokatwa na ukingo.