Maji ya Kolosai

Efeso sitaieleza. Siku tatu nilizokaa kule ziliishia kwenye foleni na jua, na walioiandika ni wengi. Nilichokifuata kilikuwa ndani zaidi, kwenye bonde la mto Lycus karibu na Denizli, Uturuki, ambako miji mitatu ya Agano Jipya imekaa kama nyumba za mtaa mmoja: Laodikia, Hierapoli na Kolosai. Laodikia hadi Hierapoli ni kama kilomita 10, hadi Kolosai ni kama 17. Mtu wa zamani akiondoka alfajiri alifika kabla ya adhuhuri.

Basi dogo la Pamukkale, kijiji kilicho chini ya magofu ya Hierapoli, wanaliita dolmuş, linakushusha njia panda, halafu unamalizia kwa miguu. Laodikia niliitembea saa nne nzima, na karibu nusu ya muda huo nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mabomba. Maji ya mji yalitoka kwenye chemchemi za upande wa kusini, yakashuka bondeni, kisha yakapandishwa tena kwa msukumo wake yenyewe ndani ya mawe ya mraba yaliyotobolewa katikati na kuunganishwa kichwa kwa mdomo. Baadhi ya mawe yana tundu juu, lililozibwa kwa kizibo cha jiwe, ili bomba liweze kufunguliwa na kusafishwa. Kwenye mnara wa kugawia maji kuna mabomba ya udongo wa kuchoma, na humo ndimo unapoiona chokaa: imejijenga tabaka juu ya tabaka kama pete za shina la mti, hadi mahali pengine pamebaki kijitundu tu. Maji yalikuwapo, njia ndiyo iliyojiziba taratibu, kila siku kidogo, bila mtu kusikia kelele yoyote.

Hapa nawasihi wahubiri wenzangu warekebishe kitu kimoja. Katika Ufunuo 3:15-16 Bwana analiambia kanisa la Laodikia kwamba si baridi wala moto, ni vuguvugu, naye atalitapika. Tunasema maji ya moto yalitoka Hierapoli kwa bomba yakafika Laodikia yakiwa vuguvugu. Mabomba yenyewe yanaelekea kusini, wakati Hierapoli iko kaskazini, ng'ambo ya bonde. Tena tunafundisha kwamba "moto" ni mwamini mwenye bidii na "baridi" ni asiyeamini. Ingekuwa hivyo, kwa nini Bwana aseme angependa wawe baridi? Simama pale uangalie pande zote mbili. Kaskazini kuna maji ya moto ya Hierapoli, yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi kama 35, na watu wamekuja kuoga humo tangu enzi za Warumi. Mashariki kuna mlima Honaz, zaidi ya mita 2,500, na vijito vya baridi vinashuka kuelekea Kolosai. Moto unafaa na baridi inafaa. Kinachotapikwa ni maji yasiyomsaidia mtu yeyote.

Na mji haukuwa na shida ya fedha. Tetemeko la mwaka 60 lilipouangusha, mwanahistoria Tacitus anasema ulijijenga upya kwa mali yake wenyewe, bila msaada wa Roma. Mwaka 114 liwali aliweka sheria ya maji, ikachongwa kwenye marumaru: anayechafua maji, anayeharibu mabomba au kujichotea kinyemela anatozwa faini ya dinari 5,000 hadi 12,500. Walijua kulinda maji yao.

Hierapoli ilinigharimu euro 30 kuingia, na kwenye bwawa lenye nguzo zilizozama ndani ya maji unalipa tena. Sikuingia. Kwenye miamba myeupe unavua viatu utake usitake, na mawe yana makali. Nilipanda hadi kwenye kaburi linalotajwa kuwa la mtume Filipo, nikashuka.

Kolosai ndiyo iliyonifanya niandike. Hakuna lango, hakuna tiketi, hakuna kivuli. Ni kilima cha nyasi kavu na miiba kaskazini mwa mji wa Honaz, na vipande vya vigae chini ya miguu. Dereva wa teksi tuliyepatana naye kwenda na kurudi alinishusha, akataka nauli mara mbili ili anisubiri, nikakataa, akaondoka. Chupa yangu ilikuwa na maji vidole viwili. Nilianza kurudi Honaz kwa miguu, nikiwa na hasira, kando ya mashamba ya cheri.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anachuma na mumewe aliniona nimesimama kwenye kivuli cha mti wake. Hakuuliza kitu. Aliichukua chupa mkononi mwangu, akamwaga yale maji ya vuguvugu yaliyobaki, akaijaza kutoka kwenye dumu lililofunikwa gunia lililoloweshwa. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nilikunywa yote, akajaza tena. Nilimwita *teyze*, ndivyo wanavyomwita mwanamke wa umri ule, naye akaniita *evladım*, mwanangu.

Ndipo akataka kujua nimetoka wapi na nimefuata nini kwenye kilima kisicho na kitu. Nilitoa simu, nikafungua programu ya kutafsiri. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye Paulo, barua na kanisa, na alichosomewa kilimfanya acheke kwa kutoelewa. Basi nikakata vipande, sentensi moja, jambo moja, maneno sita au saba, kisha nasubiri. "Zamani watu wa hapa walipokea barua." Nasubiri. "Barua ilikuwa juu ya Yesu." Nasubiri. "Aliyewaambia kwanza alikuwa jirani yao." Hapo alinyanyua kichwa.

Ni kweli. Paulo anaandika kwamba wengi wa Kolosai na Laodikia hawakuwahi kuuona uso wake. Aliyewafundisha ni Epafra, "mtu wa kwenu", na huyo huyo ndiye aliyejitaabisha kwa ajili ya Laodikia na Hierapoli. Injili ilienda mji kwa mji kwa miguu ya mwenyeji. Walikusanyika nyumbani kwa Nimfa. Barua zilibadilishwa, hii isomwe kule, ya kule isomwe huku.

Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kufuata wakati teyze alipochukua simu akaongea mwenyewe. Simu ikasoma: "Isa atarudi. Sisi pia tunasema." Mume wake akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimesafiri na somo zima la siku za mwisho kichwani, na huyu mama ndiye aliyeufungua mlango.

Nilijizuia nisianze na mnyama wa Ufunuo 13. Wanaoshuhudia nyumba kwa nyumba watanielewa. Ukianza na 666, jirani anaogopa au anabishana. Hofu hupoa ndani ya wiki, ubishi hubaki. Ukianza na tarehe ni vibaya zaidi. Waliomsubiri Kristo Marekani tarehe 22 Oktoba 1844, wengine waliacha mazao shambani bila kuvunwa, na kesho yake walilazimika kuwatazama majirani machoni. Mathayo 24:36, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba, imekwisha kulifunga jambo hilo. Anza na anayekuja, ndipo useme ya kuja kwake. Ufunuo wenyewe unaanza hivyo, sura ya kwanza inamwonyesha Kristo, ya pili na ya tatu ni barua kwa watu wenye anwani. Dakika 20 zinatosha. Jibu alichouliza, ukiulizwa moja usijibu matano, na usiondoke bila kusema lini utarudi, maana karatasi iliyoachwa bila mtu wa kurudi inafungiwa vitunguu.

Kwa hiyo niliandika: "Kwetu sisi, anayerudi ndiye aliyekufa kwa ajili yetu." Alisoma mara mbili. Aliuliza: "Kwa ajili ya nani?" Nikaandika: "Yako pia, teyze." Hakujibu. Aliendelea kutoa vikonyo vya cheri, akanisogezea bakuli.

Nimewaza sana kwetu tangu siku ile. Tunakodi spika, tunapanga viti mia, tunatangaza kiama hadi saa nne usiku, na nyumba ya tatu kutoka kanisani hatujui mgonjwa wao anaitwa nani. Kuna bomba pale, na limejaa chokaa.

Jua liliposhuka mume aliwasha trekta anipeleke Honaz. Teyze akaashiria mkoba wangu, alitaka kuiona hiyo barua. Nilifungua Wakolosai sura ya 4 kwa Kiswahili, nikasoma kwa sauti kuanzia mstari wa 12 hadi salamu za Nimfa. Alisikiliza mpaka mwisho lugha asiyoijua, kisha akaonyesha kwa kidole, akiuliza jina la kilima chake limeandikwa wapi. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikamwonyesha. Aliliwekea kidole, chenye rangi ya cheri, na doa bado lipo.