Mtoto yuko Nairobi, kodi unalipa Marekani: nani anahesabiwa?

Msimu wa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, ukifika, swali ni lile lile: mtoto anasoma Nairobi, karo nalipa mimi, mbona nisimwandike kama tegemezi? Ni kwa sababu IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haianzi na karo. Inaanza na uraia au ukaaji wa mtoto, kisha inauliza alilala nyumba ya nani.

Nafuu kubwa ya mzazi, Child Tax Credit, yaani punguzo la kodi kwa ajili ya mtoto, ni hadi dola 2,200 kwa kila mtoto kwa mapato ya 2025. Mtoto awe hajatimiza miaka 17 kufikia Desemba 31, awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, na awe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, iliyotolewa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Kuanzia mwaka huo mzazi naye lazima awe na namba hiyo. Wanandoa wakijaza pamoja, mmoja anatosha. Ikiwa kodi unayodaiwa ni ndogo kuliko nafuu, unaweza kurudishiwa hadi dola 1,700 kwa mtoto. Kiasi hicho kwa kawaida hupigwa hesabu kwa asilimia 15 ya mapato ya kazi yanayozidi dola 2,500, ndiyo maana aliyefanya kazi miezi michache hupata kidogo.

Sasa mtoto aliyezaliwa Kenya, hana uraia wa Marekani wala kadi ya kijani, na anaishi kwa nyanya yake Umoja au Donholm, Nairobi. Huyo hahesabiwi, hata kama kila shilingi anayotumia imetoka kwako. Asikudanganye mtu kwamba ITIN, namba ya kodi ya asiyeweza kupata ya Social Security, itamwokoa.

Aliyezaliwa Marekani akapelekwa Nairobi ndiye anayeleta ubishi. Kuwa mbali kwa muda kwa sababu ya masomo, ugonjwa au likizo huhesabiwa kama yuko nyumbani kwako, mradi inatarajiwa atarudi. Lakini aliyelelewa na nyanya tangu akiwa mchanga hayuko mbali "kwa muda", na dola 2,200 unazikosa. Hata hivyo, kwa kuwa ni raia, anaweza kukupa nafuu ya dola 500 ya wategemezi wengine ikiwa wewe ndiye unayegharamia zaidi ya nusu ya matunzo yake na yeye mwenyewe hana kipato cha maana. Hapo ndipo risiti za shule na rekodi za pesa ulizotuma kwa M-Pesa zina kazi. Zinathibitisha matunzo tu. Makazi huthibitishwa kwa barua ya shule au ya daktari yenye jina la mtoto, anwani na tarehe.

Mtoto aliyetua Marekani na kadi ya kijani mwezi Agosti hajatimiza nusu mwaka nawe. Mwaka huo angalia zile dola 500; nafuu kamili isubiri mwaka unaofuata.

Kwetu kila mtoto wa ukoo ni wetu, ila sheria hii ina mipaka yake. Mtoto wa kaka au dada yako anayeishi nawe anaweza kukupa nafuu kamili. Mtoto wa binamu, hapana. Wazazi waliotengana wahesabu usiku: ambaye mtoto alilala nyumbani kwake usiku mwingi zaidi ndiye mwenye haki, na akitaka kumwachia mwenzake asaini fomu 8332. Fomu hiyo haihamishi EITC, nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo.

Jihadhari na mtayarishaji anayeahidi kukuongezea watoto kwenye ritani. Saini ni yako. Ukibainika umepuuza sheria kwa makusudi unafungiwa nafuu hizi miaka 2. Kwa udanganyifu, miaka 10.

Kama ulikuwa na haki na hukuidai, jaza fomu 1040-X ya kurekebisha ritani. Kwa kawaida una miaka 3 tangu ulipowasilisha ritani ya kwanza.