Kutoka Oxford hadi Abingdon na mama

Juzi dada kanitumia video ya Rufiji iliyojaa. Maji ya tope yanapita juu ya mpunga, na mtu asiyeonekana anapiga kelele, "Ondoeni mtumbwi! Ondoeni mtumbwi!" Tangu nilipoitazama, kichwani mwangu kuna mto mwingine kabisa, Thames wa huku Uingereza, na ile siku niliyotembea na mama kutoka Oxford hadi Abingdon.

Ilikuwa Mei, mama amekuja kunilelea mtoto. Njia yenyewe ni kilomita kama 15 kando ya maji, na zamani ilikuwa ya farasi waliokokota mashua za mizigo. Tulianzia Folly Bridge. Mama alikataa katakata kutembea upande wa mto. Nikamwambia huku hakuna mamba wala kiboko. "Mto ni mto, mwanangu," akasema, akanivuta na mimi nisogee ndani.

Wanafunzi walikuwa wakipiga makasia, wanane wanane, wameupa mgongo upande wanakokwenda. Mama alisimama akawatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Kwetu mwenye kafi au pondo hutazama mbele, maana kisiki na mamba viko mbele. Pale Iffley, ambapo wamekuwa na malango ya kupandisha na kushusha mashua tangu miaka ya 1630, tuliona moja ikiingizwa, lango likafungwa nyuma yake, maji yakaachiwa taratibu, nayo ikainuka kama mtoto anayebebwa. Mama alifurahi sana. "Kumbe huu wameutia adabu!"

Halafu tukafika Sandford.

Pale mto unagawanyika. Maji yasiyopita kwenye malango yanaporomoka upande wa pili, kwenye bwawa linaloitwa Lasher, na juu yake umesimama mnara wa jiwe. Nikamweleza mama kuwa ni wa wanafunzi wa chuo cha Christ Church waliozama hapo: wawili mwaka 1843, mmoja 1872, wawili 1921, hao wa mwisho marafiki, vijana wa miaka ishirini hivi.

"Majina yao yameandikwa?"

"Yameandikwa, mama."

"Yote?"

Nikamtajia: Phillimore, Gaisford, Dasent, Llewelyn Davies, Buxton. Akawa anachezesha midomo, anayafuata moja moja. Kisha akashika ncha ya kanga yake, akaanza kuisokota kidoleni, akaizungusha na kuikaza mpaka kidole kikabadilika rangi. "Kamba ilibaki mtini," akasema. "Imekatika hapa." Akanionyesha kwenye kanga ilipokatikia.

Nimekua nikijua mama ni kifungua mimba. Babu alimwita hivyo, sisi wote tulimjua hivyo. Kumbe alikuwa na kaka. Mafuriko ya 1968 yalipoingia usiku, kaka yake alitoka kwenda kuokoa mtumbwi uliofungwa kwenye mwembe, na hakuonekana tena. Muda si mrefu watu wakahamishwa bondeni, wakapelekwa vijiji vya juu, na babu akakataza jina lile lisitajwe nyumbani. Mama akalitaja pale, mbele ya maji yale yanayonguruma, mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Hapa sitaliandika, maana mwenye haki ya kulisema ni yeye.

Safari iliyobaki ilikwisha haraka. Tulipita misitu ya Nuneham, tukapita chini ya daraja la reli, tukaingia Abingdon jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia daraja lao la mwaka 1416 na abasia, nyumba ya watawa, iliyovunjwa 1538, lakini alikuwa na njaa. Tulikula chipsi, tukapanda basi.

Nimewahi kumwambia kaka yangu tumwekee mjomba jiwe. Akaniuliza, tuliweke wapi? Rufiji huhama. Anadhani ulipokuwa mwembe ule sasa ni katikati ya mto. Ni kweli, na mimi sina jibu. Lakini wale vijana wa Oxford wametajwa kwa majina kwa miaka mingi hivyo, na mjomba alikuwa mtoto wa watu kama wao. Nataka jina lake liandikwe mahali, hata kwenye ukuta wa msikiti wa kijijini. Ruhusa ni ya mama, na kila nikimpigia simu kumwomba, najikuta namuuliza habari za mpunga.