Siku moja juu ya mikorosho, Tandahimba

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha, natoka. Kazi yangu ni kupogolea mikorosho ya watu, na huu Mei ndio wakati wake, kabla maua hayajaanza kutoka.

Saa 1 asubuhi. Shamba la leo ni la bibi mmoja jirani. Mikorosho ya zamani, imebanana mpaka matawi yameshikana. Siku hizi tunaambiwa mita 12 kwa 12. Waliopanda hii hawakuambiwa. Chini giza tupu, hewa imesimama.

Saa 2. Naanza na machipukizi laini ya ndani, yale yanayotoka kwenye shina.

"Mjukuu wangu, unanimalizia korosho!"

Nikachuma chipukizi moja nikamshikisha. Jani changa limejikunja kidogo, juu yake unga mweupe unaofutika kwa kidole. "Ugonjwa wa ubwiri unga huo, bibi. Unajificha humu ndani, maua yakitoka unayavamia. Korosho zinazaa nchani, huko nje penye jua. Chipukizi hili lisingekupa hata moja."

Akaguna, lakini akaacha kunisimamia.

Saa 4. Matawi makavu na yanayolalia chini. Tawi nene nalikata kidogo kwa chini kwanza, ndipo nahamia juu. Ukianzia juu, linaanguka na gome lake mpaka shinani. Kisiki kirefu siachi pia, kikioza kinakaribisha maradhi. Wenye haraka na panga huwa hawanielewi hapa.

Saa 5 na nusu. Majimoto, wale sisimizi wakali! Shingoni, kwapani, kila mahali. Tawi lenye kiota chao naliruka makusudi, maana ndio wanaomwinda mbu wa mikorosho, yule anayefyonza vichipukizi na maua mpaka vinakauka. Kuna watu wanawachoma moto. Shauri yao.

Saa 7. Ugali na kisamvu. Kimya.

Saa 9 alasiri. Kukusanya. Matawi mazuri ni kuni za bibi. Yenye ugonjwa nayachoma pembeni, mbali na miti. Hata salfa, dawa ya ubwiri unga atakayopuliza maua yakianza, itapenya sasa, badala ya kuishia kwenye majani ya nje.

Saa 11 jioni. Hesabu. Bibi anataka alipe nusu, nyingine mpaka mnada wa Oktoba. Tumebishana, nimekubali, ila nimeondoka na mzigo wa kuni kama riba.