Siku yangu na pakiti zilizokosewa jina

Saa 2:00 asubuhi. Nafika kazini, Posta, Dar es Salaam; mimi ni fundi wa mtandao. Kabla sijatua mkoba, mama wa mapokezi ananiwahi: "Marahaba, mwanangu. Simu zinakatakata wiki nzima. Mteja akisema jina lake nalisikia nusu." Juu kuna tangazo la meneja: wafanyakazi waache kutazama video, kwa kuwa grafu ya ruta, kifaa kinachotuunganisha na intaneti, inaonyesha "wavuti" ndiyo inayomaliza laini, ileile ambayo simu zetu hupitia.

Saa 2:40. Naiagiza swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za ofisi, initumie nakala ya kila pakiti (kipande kidogo cha data) inayopita tundu la ruta, nafungua Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti.

Saa 3:15. Simu ya mapokezi iko hewani, lakini kwenye skrini naona UDP, UDP, UDP, basi: jina la njia ya kusafirishia tu, si la kilichobebwa. Wireshark huitambua sauti ikishuhudia SIP, mazungumzo ya vifaa ya kuanzisha simu, ikipanga simu mwanzoni, nami nimeanza kunasa simu ikiwa katikati. Kwa hiyo nahesabu mwenyewe. Kila pakiti imebeba baiti 172, huja moja kila milisekunde 20, na baiti ya kwanza ni 80 kwa heksa, yaani hesabu ya msingi wa 16. Mwendo huo naujua: kichwa cha RTP, mfumo unaobeba sauti ya simu, baiti 12; sauti ya G.711, namna ya kugeuza sauti kuwa data, baiti 160. Naiambia programu izisome kama RTP, na namba za mfuatano zinajitokeza: 4417, 4418, 4431. Pakiti 12 hazikufika, karibu robo sekunde. Hapo ndipo jina la mteja linapopotelea.

Kuna kitufe cha kuisikiliza simu yenyewe. Sikibonyezi. Natafuta pakiti, maneno ya mteja ni yake.

Saa 5:00. Sasa hiyo "wavuti". Mzigo mkubwa unaingia kwenye seva yetu kupitia poti 80, namba ya mlango ambao kwa kawaida ni wa wavuti, na ruta imeupa jina kwa kutazama namba hiyo tu. HTTP ya kawaida, lugha ya wavuti, huanza na neno linalosomeka, GET au POST. Huu unaanza na SSH-2.0, salamu ya SSH, njia ya kuunganisha kompyuta kwa siri. Salamu hiyo hutolewa mara moja, muunganisho unapofunguliwa, kisha, pande mbili zikishakubaliana funguo, yanayofuata yanafungwa kwa siri. Nimeiona kwa kuwa kila folda inayonakiliwa inafungua muunganisho wake. Anwani ni ya tawi la Mwanza. Nampigia kaka wa seva kule. Anakumbuka: nakala rudufu, aliipitishia poti 80 kwa kuwa 22, poti ya kawaida ya SSH, ilizuiwa. Ilikuwa ikiisha alfajiri. Mafaili yameongezeka, sasa inafika mchana.

Hakuna aliyekuwa akitazama video. Wiki nzima watu wamelaumiwa kwa namba ya poti, na hilo limeniuma kuliko simu zenyewe.

Saa 7:00. Wali maharage, haraka.

Saa 8:30. Tunaipunguzia kasi nakala hiyo kule inakotoka, na itaanza saa 2 usiku. Nampelekea meneja picha ya mstari ule wa SSH-2.0. Anausoma mara mbili, anaenda kubandua tangazo.

Saa 10:10. Nanasa tena. 9102, 9103, 9104, 9105.